Siku nzima baharini Shimoni, Wasini na Kisite: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya tumeyakusanya gatini Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, kwenye simu, na ndani ya jahazi letu la kuwapeleka wageni baharini. Mengi huulizwa na wageni wa mara ya kwanza kutoka Nairobi na Mombasa. Machache, na hayo ndiyo ninayoyapenda zaidi, huulizwa na watu wa huku huku pwani waliokua wakiitazama bahari kila siku bila kufika Kisite hata mara moja.

## Mambo ya kuanzia

Kisite ni wapi, na kuna nini huko?

Kisite ni kisiwa kidogo cha mawe kusini mwa kisiwa cha Wasini, Kaunti ya Kwale, karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania. Kimezungukwa na miamba ya matumbawe iliyotengwa kuwa hifadhi ya bahari tangu miaka ya 1970, na sasa iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Hifadhi yenyewe ina sehemu mbili. Kisite, yenye kilomita za mraba 28, hairuhusu uvuvi wa aina yoyote. Mpunguti, yenye kilomita za mraba 11, inawaruhusu wavuvi wa kienyeji wanaotumia zana za asili. Ndani yake mna Mpunguti ya Juu, Mpunguti ya Chini, na jiwe moja ambalo wazee waliliita Liwe la Jahazi. Ukilitazama kwa mbali asubuhi utaelewa jina hilo limetoka wapi.

Watu huja kwa ajili ya pomboo, kasa, samaki wa mwambani na chakula cha Wasini. Siku ambayo mbingu ni safi, milima ya Usambara huonekana upande wa Tanzania, ya buluu, kama imeelea juu ya maji.

Siku yenyewe inakwendaje?

Tunang'oa nanga kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi. Tunapita mlango wa bahari kati ya Shimoni na Wasini, tunazunguka ncha ya kisiwa, kisha tunaelekea Mpunguti taratibu huku macho yote yakiwa majini. Hapo ndipo pomboo huonekana mara nyingi. Kufika Kisite huchukua saa moja hivi, au zaidi tukisimama njiani. Tunatia nanga kwenye maboya, watu wanaingia majini, wengine wanabaki kivulini. Mchana tunarudi Wasini kula, tunatembea kijijini, na kwenye saa kumi jioni tuko gatini tena.

Hatuwezi kufupisha, tukarudi kabla ya saa sita?

Inawezekana, na boti za injini kubwa hufanya hivyo. Mimi siwashauri. Mtu mwenye haraka huwa anaona migongo ya pomboo ikikimbia, basi. Anayekaa huona mama akimfunza mwanawe, huona kasa akipanda kuvuta pumzi na kushuka tena, huona rangi ya maji ikigeuka jua linapopanda. Kama una nusu siku tu, afadhali uache Kisite, uvuke kwenda Wasini uikague bustani ya matumbawe polepole (tazama sehemu ya Wasini hapa chini).

Tunafikaje Shimoni?

Kutoka Mombasa unavuka kivuko cha Likoni au unapita barabara ya Dongo Kundu, kisha unashika barabara ya Lunga Lunga kupita Ukunda, Msambweni na Ramisi, halafu unakunja kushoto kuelekea baharini. Matatu zipo, lakini ukitaka kuondoka na jahazi la asubuhi, lala Shimoni, Wasini au Diani. Foleni ya Likoni haijali kwamba maji yanapwa.

Malipo yakoje?

Kuna malipo ya aina mbili, na watu huyachanganya. Kiingilio cha hifadhi ni cha KWS na hulipwa kwa eCitizen, si pesa taslimu. Raia, mkazi wa kigeni na mgeni wa nje kila mmoja ana kiwango chake, kwa hiyo beba kitambulisho au pasipoti. Malipo ya jahazi, chakula na vifaa ni ya wenye chombo. Uliza mapema kama bei uliyopewa imejumuisha kiingilio au la. Ugomvi mwingi wa gatini huanzia hapo.

## Upepo, maji na mwezi

Miezi gani ni mizuri?

Inategemea unataka nini. Kaskazi inapovuma, kuanzia Disemba hadi Machi, bahari hutulia na maji huwa safi kama kioo. Ndio wakati wa kutazama matumbawe. Malelezi, yaani kipindi cha katikati ambapo upepo mmoja umeondoka na mwingine haujashika, mara nyingi huwa na siku tulivu ajabu, hasa Oktoba na Novemba.

Kusi huanza Aprili pamoja na mvua za masika, na Juni na Julai huwa kali. Mawimbi hupanda na maji huchafuka. Tatizo ni kwamba nyangumi nao huja wakati huo huo wa kusi. Hilo tumelieleza kwenye swali la nyangumi.

Mnaposema "leo maji mazuri", mnamaanisha nini?

Wageni wengi hupanga safari kwa kutazama jua na mvua. Sisi tunatazama mwezi.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ya zaidi ya mita 3. Katikati ya hapo huja maji mafu, ambayo hupanda na kushuka kidogo tu.

Kwa pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Wakati huo fungu la mchanga la Kisite hutoka nje, jeupe, na mwamba huwa karibu sana na uso wa maji. Ni pazuri kwa macho, lakini mwogeleaji asiye na uzoefu anaweza kujikwaruza. Baadaye maji yakianza kujaa mkondo huwa na nguvu. Siku za maji mafu mambo hugeuka: katikati ya asubuhi maji yamejaa, mkondo ni mdogo, na mtu anaweza kuelea saa nzima bila kusukumwa. Mtu anayejifunza, au familia yenye watoto, nitawaambia waje siku za maji mafu. Mpenda ndege na picha za fungu aje bamvua.

Na mvua ikinyesha?

Mvua pekee haituzuii. Upepo ndio unaotuzuia. Nahodha akisema leo hatutoki, hatutoki, na pesa zako hurudishwa au siku husogezwa. Mkubalianeni hilo kabla ya kulipa.

## Pomboo na nyangumi

Tutawaona pomboo kwa hakika?

Hapana. Hakuna anayeweza kukuhakikishia, na anayekuhakikishia anakudanganya au amekusudia kuwafukuza hadi uwaone. Hata hivyo kuna pomboo wakazi wa eneo hili, wanaoishi hapa mwaka mzima, na siku nyingi tunakutana nao.

Ni pomboo wa aina gani?

Aina tatu ndizo utakazozisikia zikitajwa. Wa kwanza, na ndiye wa kawaida, ni pomboo mnene wa kijivu mwenye mdomo mfano wa shingo ya chupa. Hao ndio wakazi niliowataja, na hutembea kwa makundi madogo. Wa pili ni mwembamba, anaruka juu na kujizungusha hewani kama pia. Huyo hukaa zaidi maji ya kina, huwinda usiku na mchana hupumzika, kwa hiyo ukimwona ametulia jua likiwaka, ujue amelala kwa namna yake. Wa tatu ana nundu mgongoni, hupenda maji ya karibu na mikoko, na ni mwenye haya. Huyu amo hatarini kutoweka duniani. Nikimwona huwa nawaambia abiria kwa sauti ya chini, na sijui kwa nini nanong'ona, maana yeye yuko mbali.

Kwa nini mnazima injini badala ya kuwakaribia?

Swali hili nalijibu kila wiki na sichoki.

Msimu mmoja wa kaskazi, karibu na Mpunguti ya Chini, niliona boti nne zikimzunguka pomboo mama na mtoto wake. Mtoto hakuwa mrefu kuliko kasia la mtumbwi, na ubavuni bado alikuwa na ile mikunjo ya ngozi aliyotoka nayo tumboni. Kila mama alipogeuka alikuta boti. Akazama, akaibuka upande wa pili, akakuta nyingine. Mtoto anapaswa kupanda kupumua mara nyingi kuliko mama, na kila alipopanda injini ziliunguruma juu yake. Watu walipiga picha, wakapiga makofi. Nilikuwa ndani ya moja ya boti hizo kama msaidizi, na nilinyamaza. Tangu siku hiyo sinyamazi.

Pomboo anaona kwa masikio. Hutoa sauti, husikiliza inavyorudi, na hivyo ndivyo anavyompata samaki na anavyomjua mwanawe alipo. Injini inayozunguka karibu naye ni kama mtu kukuwashia kurunzi machoni gizani. Kwa hiyo sisi tunapunguza mwendo tukiwa mbali, tunakwenda sambamba nao, hatuwakati njia, hatuingii katikati ya kundi. Kukiwa na chombo kingine tayari, tunasubiri zamu. Kisha tunazima.

Na hapo huja kitu ambacho wenye haraka hawakijui. Injini ikinyamaza unasikia maji yakigonga ubavu wa jahazi, kamba ikilia kwenye mlingoti, halafu nyuma yako: pfuu. Pumzi. Unageuka na pezi limeshazama, ila harufu ya samaki imebaki hewani. Mara nyingi wenyewe husogea. Hupita chini ya omo, mbele ya chombo, wakigeuza ubavu, jicho moja likitutazama.

Naweza kuogelea nao?

Hatushushi watu juu ya pomboo. Ukiwa tayari mwambani unaogelea na wao wakapita, umebarikiwa. Tulia, usiwafuate, usinyooshe mkono.

Nyangumi wanaonekana lini?

Nyangumi wenye nundu hutoka bahari baridi za Antaktika kuja kuzaa na kujamiiana katika maji ya joto, na hupita kwetu hasa kati ya Julai na Oktoba. Mkubwa hufika mita 14 au 15, na mtoto huzaliwa akiwa na mita 4 hivi. Hukaa nje zaidi, upande wa mkondo wa Pemba, kwa hiyo safari yake ni nyingine: ndefu, yenye mawimbi, na wakati mwingine mnarudi bila kuona kitu. Anayeugua kwa mawimbi asijilazimishe. Septemba mwishoni na Oktoba, kusi ikiwa imepungua, ndio wakati ninaoupendekeza. Nyangumi akiwa na mtoto tunakaa mbali zaidi kuliko kwa pomboo.

Papa potwe na nguva je?

Papa potwe hupita mara mojamoja. Ukimtaka yeye hasa, nenda Mafia, Tanzania, kati ya Oktoba na Machi. Nguva, mla nyasi za baharini, amekuwa adimu sana pwani ya Kenya. Wazee wanawasimulia, mimi sijamwona.

## Mwambani

Sijui kuogelea. Nije tu?

Njoo. Jahazi lina jaketi okozi kwa kila mtu, na si la kuvaa ukiingia majini tu, unalivaa safarini pia. Ukitaka kutazama matumbawe, unashuka kwa ngazi ukiwa na jaketi, unashika boya, na msaidizi wetu anakuvuta polepole. Fanya mazoezi ya kupumua kwa mrija ukiwa bado umeshika ngazi. Dakika 5 za kwanza moyo hukataa, kisha unazoea. Nimemwona mama wa miaka zaidi ya 60, mwenyeji wa bara, akitoa uso majini na kusema, "Kumbe chini kuna shamba!" Alikataa kupanda hadi tukamwita mara tatu.

Tutaona nini chini?

Matumbawe ya kila umbo, pono wakitafuna mwamba (utasikia kabisa meno yao yakigonga), tafi, changu, chewa akiwa amejificha pangoni, mkunga akitoa kichwa, taa mchangani, na ukiwa na macho makali, pweza. Kasa wa kawaida ni yule wa kijani anayekula nyasi za baharini, na ng'amba, mwenye mdomo wa kasuku, ambaye gamba lake zuri lilimponza kwa karne nyingi.

Utaona pia sehemu zilizokufa. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipanda joto na matumbawe mengi yakageuka meupe na kufa, na joto limerudi tena miaka mingine baada ya hapo. Sehemu kubwa imejijenga upya, sehemu nyingine bado. Huku kwetu Wasini na Mkwiro wapo wanavijiji wanaopandikiza matumbawe kwa mikono yao, kipande kwa kipande.

Naweza kuokota kombe au kusimama juu ya mwamba kupumzika?

Hapana kwa yote mawili. Kombe na koa wa baharini haviondolewi hifadhini, hata vikiwa vitupu, kwani ganda tupu ni nyumba ya kaa mwingine kesho. Mwamba nao ni kiumbe hai. Kanyagio moja huvunja ukuaji wa miaka. Ukichoka, elea chali au inua mkono, tutakufuata.

Nijipake krimu ya jua?

Baadhi ya krimu zina kemikali zinazodhuru matumbawe, kama oksibenzoni. Vaa shati la mikono mirefu na kofia, ujipake usoni na shingoni tu, na ujipake mapema kabla ya kuingia majini.

Kuna ndege?

Wapo wengi kuliko watu wanavyotarajia. Shakwe na membe kwenye mawe ya Kisite, korongo na yangeyange kwenye mikoko, mdiria kwenye mlango wa bahari wa Wasini. Njoo na darubini, na usitue kisiwani ndege wakiwa wamelalia mayai.

## Wasini

Tunakula nini?

Kaa wa kuchemsha, na unapewa kipande cha mti cha kupasulia gamba. Samaki wa kupaka, wali wa nazi, chapati, na mwani ulioandaliwa kwa ndimu. Mwani hulimwa na akina mama wa Kibuyuni, jirani na Shimoni. Asiyekula vitu vya baharini aseme asubuhi, maana kisiwani hakuna duka la kukimbilia.

Nivae vipi kijijini?

Wasini ni kijiji cha Waislamu. Ukitoka jahazini jifunge leso, funika mabega na magoti, na usalimie kabla ya kuuliza jambo. Kwa mzee sema shikamoo. Usipige picha ya mtu au mlango wake bila ruhusa. Hakuna magari, kwa hiyo utasikia vizuri Kivumba, lahaja ya Kiswahili ya huku, kikizungumzwa, na ukijua Kiswahili cha shule tu utafurahi kusikiliza tofauti.

Bustani ya matumbawe ni nini?

Ni uwanda wa matumbawe ya kale yaliyokauka, yamesimama kama sanamu katikati ya mikoko, na kuna njia ya mbao ya kupita juu. Inaendeshwa na kikundi cha akina mama wa kijiji na kiingilio kinabaki kijijini. Maji ya bamvua huingia hadi chini ya mbao. Maji yakipwa utaona kaa wadogo wa mkono mmoja mkubwa wakipungiana.

## Mambo yasiyo ya kila siku

Bahari hunilevya. Nifanyeje?

Kula kidogo asubuhi, usije na tumbo tupu wala lililojaa vitumbua vya mafuta. Kaa katikati kuelekea tezi, yaani nyuma ya chombo, tazama upeo wa macho, usitazame simu. Tangawizi husaidia wengi. Dawa ya duka imezwe kabla ya kuondoka, kwani kigegezi kikishaanza huwa imechelewa.

Mtoto mchanga, mjamzito, mzee?

Mzee anayeweza kushuka ngazi za gati anakaribishwa, na maji yakijaa kupanda chombo ni rahisi zaidi. Mjamzito namshauri aepuke siku za kusi kwa sababu jahazi hugonga mawimbi. Mtoto wa chini ya miaka miwili abaki Wasini na mtu wake. Jua la mchana kutwa ni kali mno kwake.

Naweza kurusha droni?

Si bila vibali, vya mamlaka ya usafiri wa anga na vya KWS. Hatuchukui droni isiyo na karatasi.

Na maji ya chupa za plastiki?

Plastiki ya kutumia mara moja imepigwa marufuku katika hifadhi za Kenya tangu Juni 5, 2020. Njoo na chupa yako ya kujaza tena. Maji ya kunywa tunayo kwenye madumu.

Nikichomwa na miiba au yavuyavu?

Miiba mirefu myeusi ya mwambani huingia na kukatika. Usiikandamize. Loweka mguu katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia, na tutatoa ile inayoonekana. Ukiwa umechomwa na yavuyavu usisugue kwa mchanga. Pumzi ikibana au uvimbe ukipanda, tunarudi nchi kavu hapo hapo, hakuna mjadala.

Tunaweza kuja mwezi wa Ramadhani?

Ndiyo. Mabaharia wengi watakuwa wamefunga, kwa hiyo tunaondoka mapema na kurudi mapema. Mgeni anakula kama kawaida, ila si mbele ya msikiti. Ukibaki hadi magharibi utaalikwa kufuturu, kubali.

Injini ikizimika je?

Tuna simu, redio, na tanga. Wakati wa kusi tunarudi na upepo mgongoni, na abiria wengine hutuomba tutweke tanga hata injini ikiwa nzima. Tunakubali kila mara upepo ukiruhusu.

Tukikuta kasa amenasa kwenye wavu?

Usiruke majini kumkata mwenyewe. Kasa aliyetishika ana nguvu na mdomo wake hukata. Mwambie nahodha. Sisi tunamwinua kichwa apumue kwanza, maana kasa huzama akafa kama mtu, kisha tunakata wavu polepole tukianzia shingoni. Akiwa na jeraha tunawaarifu askari wa KWS walioko Shimoni. Akiwa mzima tunamwacha ubavuni mwa chombo hadi apate nguvu, na wavu wote, hata kipande cha urefu wa kidole, tunarudi nao gatini.